Panya Amepona, Mgonjwa Bado: Kwa Nini Aneurizimu ya Aota Huchunguzwa kwa Nguruwe na Kondoo

Kila baada ya muda habari huzunguka kwenye simu: watafiti wamezuia mshipa mkuu wa panya usipasuke. Kabla siku haijaisha, watu wanauliza dawa hiyo inauzwa wapi. Ikija nyingine inayosema jaribio limefanyiwa nguruwe, maswali hubadilika. Kwa nini nguruwe? Wanataka kutupandikiza mishipa yake? Na kama panya alishapona, nguruwe wa nini tena?

Mkanganyiko umezidi tangu Januari 2022, moyo wa nguruwe ulipopandikizwa kwa mgonjwa huko Maryland, Marekani. Yule alikuwa nguruwe mtoaji wa kiungo, aliyebadilishwa jeni ili mwili wa mtu usimkatae. Nguruwe tunayemzungumzia hapa hatoi kiungo chochote. Anatengenezewa tatizo linalofanana na la binadamu, kisha tatizo hilo linafuatiliwa au linajaribiwa tiba. Mnyama wa namna hiyo huitwa modeli. Ni kama fundi cherehani anayekata kwanza kwenye kitambaa cha bei nafuu kabla ya kugusa hariri ya mteja: kitambaa hicho kitamwonyesha kama vipimo vinakaa, lakini hakitamwambia hariri itaangukaje mwilini.

Sasa tatizo lenyewe. Aota ni bomba kuu la damu. Linatoka juu ya moyo, linapinda kama mpini wa mwavuli, kisha linashuka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na usawa wa kitovu, ambako linagawanyika kwenda miguuni. Kwa mtu mzima sehemu ya tumboni ina upana wa sentimita 2 hivi. Aneurizimu ni pale kipande cha bomba hilo kinapotanuka na kubaki kimetanuka, angalau mara moja na nusu ya upana wake wa kawaida. Kwa aota ya tumbo madaktari huanzia sentimita 3. Hakuna nyama iliyoota, kwa hiyo si saratani, hata kama kwenye karatasi ya kipimo limeandikwa neno "uvimbe". Wengi hawahisi chochote. Hatari ni kupasuka, na kwa kawaida upasuaji hufikiriwa aneurizimu ya tumbo ikifika sentimita 5.5 kwa mwanamume au 5 kwa mwanamke. Albert Einstein alifungiwa yake kwa selofani na daktari Rudolf Nissen mwaka 1948. Ilipasuka Aprili 1955 na kumuua.

Lastiki na kamba

Ukuta wa aota una tabaka tatu, na la kati ndilo lenye kazi nzito. Ndani yake mna nyuzi za aina mbili. Elastini ni kama lastiki ya kiunoni: inavutika moyo unaposukuma, inarudi moyo unapopumzika. Kolajeni ni kama kamba ya katani: haivutiki sana, lakini inazuia bomba lisipite kiasi. Kati ya nyuzi hizo wamo seli za misuli laini, mafundi wanaozitengeneza na kuzitunza.

Elastini karibu yote hutengenezwa tumboni mwa mama na utotoni. Mtu mzima hatengenezi nyingine ya maana. Kwa hiyo ikiliwa na uvimbe-moto wa muda mrefu, sigara na umri, haitarudi, na mzigo wote unaiangukia kolajeni, ambayo nayo inaliwa na vimeng'enya, yaani protini za mwili zinazokatakata nyuzi hizo, vinavyoletwa na uvimbe-moto huo. Hapo fizikia inaanza kumchapa mgonjwa. Kwa shinikizo lilelile la damu, bomba pana linavutwa ukutani zaidi kuliko bomba jembamba. Upana ukiongezeka maradufu, mvuto nao unaongezeka maradufu, na kwa kuwa ukuta umekuwa mwembamba kwa kutanuka, kila uzi unabeba zaidi ya hapo. Aliyewahi kupuliza puto anajua kwamba pumzi ya kwanza ndiyo ngumu. Likishaanza kutanuka linakwenda lenyewe.

Kuna jambo moja kuhusu aota ya tumbo ya binadamu ambalo halisemwi vya kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Harvey Wolinsky na Seymour Glagov walihesabu matabaka ya elastini katika aota za mamalia wa ukubwa mbalimbali. Walikuta kwamba kwa kawaida ukuta ukizidi matabaka 29 hivi huwa na vijishipa vyake vya kuulisha kutoka nje, na kila tabaka hubeba mzigo unaokaribiana, awe panya au ng'ombe. Aota ya tumbo ya binadamu ilivunja utaratibu huo: matabaka ni machache kuliko ukubwa wa mwili unavyodai, kila moja limebeba zaidi, na vijishipa vya kulisha havipo katika tabaka la kati. Hakuna mnyama wa maabara aliyezaliwa na ukuta huo. Hili likumbukwe kila unaposoma neno "kama ya binadamu".

Panya aliulizwa swali gani?

Modeli maarufu ya panya ni hii: panya mwenye mafuta mengi ya damu kwa sababu ya kasoro ya jeni huwekewa pampu ndogo chini ya ngozi, inayomwaga homoni ya angiotensini II kwa siku 28. Aota inatanuka. Ni njia rahisi, ya haraka, na imetufundisha mengi kuhusu seli. Lakini uvimbe huo hutokea juu ya figo, ilhali wa binadamu mara nyingi huwa chini ya figo. Mara nyingi huanza kwa ukuta kuchanika ghafla, ilhali wa binadamu hutanuka kwa miaka. Na bomba lenyewe lina upana wa milimita moja au pungufu.

Mfano mzuri ni doksisaiklini, ile dawa ya kawaida ya kuua bakteria. Inapunguza nguvu za vimeng'enya vinavyokula elastini, na kwa panya ilizuia aneurizimu vizuri mno. Majaribio ya binadamu yakafuata. Lile la Marekani lililotangazwa mwaka 2020 lilikuwa na watu zaidi ya 250 wenye aneurizimu ndogo, wakimeza miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa miaka miwili. Waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu walitanuka sawa. Jaribio la awali la Uholanzi halikuona faida pia.

Panya walikuwa wamejibu walichoulizwa. Wengi walipewa dawa kabla ya shambulio au siku ileile lilipoanza. Mgonjwa anakuja na ugonjwa ulioanza labda miaka 10 iliyopita, lastiki imeshakwisha, ndani ya uvimbe kumejaa bonge la damu iliyoganda. Mnyama mkubwa anatafutwa kwa sababu mbili: mshipa wake unakaribia ukubwa wa wetu, na anaweza kufuatiliwa kwa ultrasaundi, CT na katheta (mirija myembamba inayopitishwa ndani ya mshipa) zilezile za hospitali. Sababu ya pili ndiyo yenye uzito zaidi kwa maoni ya anayeandika haya. Ya kwanza huongezewa chumvi: aota ya tumbo ya nguruwe wa kilo 50 ni milimita 10 hivi, nusu ya yetu.

Njia tatu za kumtengenezea mnyama aneurizimu

Njia ya kwanza ni ya fundi viraka. Aota inachanwa kwa urefu, kisha inashonewa kiraka cha umbo la yai kutoka utando wa tumbo, ala ya misuli ya tumbo, kipande cha utumbo au kitambaa cha Dacron. Mnyama akitoka mezani aota yake tayari ina mfuko. Juan Parodi wa Buenos Aires alijaribu wazo lake kwa mbwa kabla ya Septemba 1990, alipomwekea mgonjwa wa kwanza bomba la kitambaa lenye stenti (kimia cha chuma kinacholishikilia ukutani) kupitia mshipa wa paja. Kwa kupima kifaa, viraka vinatosha: je, stenti inashika, inateleza, inavuja? Kwa kupima dawa havifai kabisa. Kiraka hakina ugonjwa wa kutibu. Kiraka cha Dacron hakipasuki. Cha utando wa tumbo kinaweza kupasuka, na ndiyo maana anayechunguza kupasuka hukichagua.

Njia ya pili ni vimeng'enya: elastesi inayokula elastini, kolajenesi inayokula kolajeni, pekee au pamoja, mara nyingi baada ya kuutanua ukuta kwa puto la katheta. Hapa ukuta ni wa mnyama mwenyewe, na uharibifu unafanana na ule wa mgonjwa.

Njia ya tatu ilianzia shambani. Mwaka 1952 ilionekana kuwa panya waliolishwa mbegu za mmea mmoja wa maua ya harufu nzuri, jamii ya njegere, walipata aneurizimu na mifupa iliyopinda. Sumu yake, beta-aminopropionitrili au BAPN, inazuia kimeng'enya kinachofunga vifundo kati ya nyuzi za elastini na kolajeni. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila madini ya shaba, na kweli, nguruwe waliolishwa chakula kisicho na shaba katika majaribio ya miaka ya 1960 walikufa kwa aota kupasuka. Siku hizi BAPN huchanganywa kwenye chakula baada ya upasuaji wa vimeng'enya, ili mwili usiweze kurekebisha kilichoharibiwa. Mchanganyiko huo ndio unaotoa aneurizimu kubwa zinazoendelea kukua. Gharama yake ni kwamba BAPN inalegeza mwili mzima: mifupa, ngozi, hata kovu la upasuaji wenyewe.

Mezani

Tuangalie njia ya vimeng'enya kwa karibu, maana hapo ndipo matokeo hutofautiana kati ya maabara na maabara.

Nguruwe wa kilo 40 hadi 50 hunyimwa chakula usiku kucha, maji anaachiwa. Kumwingizia mpira wa kupumulia ni mtihani wa kwanza: njia ni ndefu na nyembamba, na zoloto, mlango wa sauti kooni, hubana kwa kuguswa tu, kwa hiyo hunyunyiziwa kwanza lidokaini, dawa ya ganzi. Ngozi yake haina manyoya ya kutosha, hivyo joto hushuka haraka mezani. Baadhi ya mbegu, Pietrain na Landrace zikiwemo, zinaweza kubeba kasoro ya jeni inayofanya gesi za usingizi kama halothani ziwashe misuli mpaka joto lipande na mnyama afe. Asiyepima kaboni dioksidi ya pumzi hugundua akiwa amechelewa.

Tumbo hupasuliwa katikati, utumbo husogezwa kulia ukiwa umefunikwa kwa shashi yenye maji ya chumvi vuguvugu. Aota huwekwa wazi kuanzia chini ya figo hadi inapogawanyika. Kwa nguruwe haigawanyiki mara mbili kama yetu: inatoa mishipa miwili ya miguu na shina moja la katikati kwa ajili ya nyonga. Stenti ya binadamu yenye "miguu" miwili haikai hapo, na mshipa wa paja mara nyingi ni mwembamba mno kwa bomba la kuipitishia, ambalo huwa na upana wa milimita 5 hadi 7.

Nyuma ya aota hutoka jozi za mishipa midogo ya kiunoni. Ni vigumu kuiona, na ndiyo inayoharibu kazi. Ukiiacha wazi, damu inarudi ndani na kuchafua kimeng'enya kitakachowekwa humo. Ukiifunga yote kwa uzi moja kwa moja, unaweza kuunyima uti wa mgongo damu. Wengi huibana kwa vibano vidogo kwa muda tu.

Kisha heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa kawaida yuniti 100 kwa kila kilo, yaani 4,500 kwa nguruwe wa kilo 45, na kusubiri dakika kama tatu kabla ya kubana aota juu na chini. (Heparini yenyewe hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe, na elastesi inayotumika sana hutoka kwenye kongosho lake. Anayesema nguruwe hajawahi kuingia katika tiba yetu hajasoma chupa.) Sasa kipande kilichobanwa husafishwa kwa maji ya chumvi mpaka yatoke meupe. Hatua hii si ya usafi tu. Damu ina protini inayofunga elastesi na kuizima. Ikibaki hata kidogo, kimeng'enya kinakufa kabla hakijagusa ukuta, na wiki nne baadaye mtu anaandika kwamba modeli "haikushika".

Kimeng'enya huachwa ndani kwa dakika 10 hadi 20 kikiwa na shinikizo la kuutanua ukuta kidogo. Kipimo chake kinafaa kutajwa kwa yuniti za nguvu, si kwa miligramu, kwa sababu chupa mbili za uzito sawa zinaweza kutofautiana sana. Baadaye hufyonzwa na ndani husafishwa tena, maana kisichotolewa kitakwenda miguuni. Tundu la kukiingizia hushonwa kwa uzi mwembamba wa polipropilini. Kibano cha chini hufunguliwa kwanza, damu irudi na kusukuma hewa nje. Cha juu hufunguliwa polepole, kwa sababu miguu iliyokaa na njaa ya damu huinywa kwa pupa na shinikizo huporomoka.

Asubuhi ya pili, na wiki ya nne

Kesho yake cha kwanza kuangaliwa ni miguu ya nyuma. Ikiwa baridi na haina mapigo, damu imeganda ndani ya aota. Ikiwa na joto lakini haisogei, uti wa mgongo umeumia. Hayo ni makosa mawili tofauti yenye chanzo tofauti, na kwa vyovyote mnyama asiyeweza kusimama hasubirishwi mpaka tarehe ya mwisho ya jaribio. Viwango vya kumpumzisha, yaani kumuua bila maumivu, huandikwa kabla upasuaji haujaanza.

Akivuka hapo, tatizo linageuka kuwa kinyume: anapona. Nguruwe wa kilo 45 ni mtoto wa miezi michache. Seli zake bado zinajua kutengeneza elastini, na aneurizimu ya vimeng'enya pekee mara nyingi hutanuka wiki za kwanza kisha husimama. Na mnyama mwenyewe anakua. Wa kufugwa akiongeza gramu 700 kwa siku, mwezi mmoja ni kilo 20, na aota nayo inapanuka bila ugonjwa wowote. Tuseme ilianza na milimita 9 ikafika 13.5. Hiyo ni asilimia 50, na kwa ufafanuzi wa kitabu ni aneurizimu. Lakini ikiwa mwenzake aliyefanyiwa upasuaji uleule kwa maji ya chumvi tu amefika 10.5, ongezeko la kweli ni asilimia 29 hivi, na aneurizimu imeyeyuka kwenye hesabu. Utafiti usio na nguruwe wa maji ya chumvi uusome kwa tahadhari kubwa, hata picha zake ziwe nzuri namna gani. Nguruwe wadogo wa Yucatan au Göttingen hukua polepole na hupunguza tatizo hili, ila bei yao ni nyingine.

Kondoo naye hukua polepole na ni mpole. Kikwazo chake ni kucheua: hata akifungishwa siku nzima au zaidi, tumbo lake la kwanza haliwi tupu, hujaa gesi akiwa amelala chali, hubana mapafu na kurudisha majimaji kooni. Bila mpira wa kutoa gesi tumboni, daktari wa usingizi atakuwa na siku mbaya.

Je, hakuna mnyama anayeugua mwenyewe?

Wapo, na mmoja tunaye hapa. Mbwa wa Kenya, na wa nchi nyingi za joto, hupata mnyoo uitwao Spirocerca lupi kwa kula mbawakawa wanaofinyanga mavi, au kwa kula kuku na mijusi waliowameza. Mabuu hupita ndani ya ukuta wa aota ya kifuani kabla ya kuhamia kwenye umio, wakiacha makovu na aneurizimu ambazo madaktari wa mifugo huzikuta wanapopasua mzoga. Bata mzinga nao walijulikana kwa wafugaji kwa kuanguka na kufa ghafla, aota imepasuka.

Kwa nini basi wasitumike? Kwa sababu chanzo chao ni kingine. Aneurizimu ya mnyoo iko kifuani, imeletwa na kiumbe kinachotoboa ukuta, na huwezi kuipangia tarehe wala ukubwa. Modeli inahitaji kurudiwa: nguruwe kumi wakifanyiwa jambo moja, wanane au tisa wawe na tatizo moja.

Wengine husema kompyuta na mabomba ya silikoni yanatosha siku hizi. Kwa baadhi ya maswali ni kweli, na vizuri yatumike: kupima stenti inavyopinda, au damu inavyozunguka ndani ya mfuko, silikoni haichoki na haiumii. Kanuni ya kubadili wanyama kwa kitu kingine, kupunguza idadi yao na kuwapunguzia maumivu, waliyoiandika wanasayansi wa Uingereza William Russell na Rex Burch mwaka 1959, ndiyo hiyo. Ila silikoni haigandishi damu yake, haiponi na haiwi na homa. Na hata viraka vya Dacron vina kasoro kama hiyo: vinaficha mvujo unaorudi nyuma kupitia mishipa midogo ya kiunoni, tatizo ambalo mgonjwa aliyewekewa stenti anaweza kukutana nalo.

Siku ya mwisho, kabla aota haijakatwa, formalini, maji ya kuhifadhia nyama isioze, huingizwa ndani yake kwa shinikizo la kawaida la damu, milimita 100 za zebaki hivi. Ikihifadhiwa ikiwa tupu inanywea, na kila kipimo cha upana kitakuwa cha uongo. Vipande vyembamba hupakwa rangi inayoipa elastini weusi. Kwa nguruwe wa maji ya chumvi unaona mistari myeusi ya mawimbi, mmoja juu ya mwingine, haijakatika. Kwa yule wa elastesi na BAPN unaona vipande vifupi vifupi, na kati yake eneo tupu la rangi ya waridi.